Kumtembeza Maro Nairobi kwa Mbali

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Wamenichagua! Kina mama wa kanisa letu hapa Sindo wanakwenda Nairobi kutembezwa kwa miguu: makumbusho, Uhuru Park, halafu lile jengo kuukuu la wakoloni ambalo siku hizi limejaa picha. Walitaka mtu wa kuwaongoza. Nilisimama nikasema Nairobi naijua nje ndani. Niliwahi kuishi Kayole kwa binamu yangu, miezi mitatu. Kusema kweli muda mwingi nilikuwa nimelala, lakini nililala Nairobi.

Mwenyekiti wao ni mama yake Beverly. Beverly ni mwalimu wa chekechea na nitamwoa. Mama huyo nimeshaanza kumwita Maro, yaani mama mkwe kwa Kijaluo, ingawa yeye bado hajui. Akinikubali, nina mke. Akinikataa, nitabandika vioo vya simu kwenye kibanda hiki hadi nizeeke, nikijipikia ugali unaoungua.

Shida ni Levi. Shangazi yake yumo kundini, naye amemleta awabebee mizigo. Levi ana mabega mapana na meno yote. Anamtaka Beverly, hilo halihitaji kuulizwa. Simpendi.

Jumatano, 13 Agosti

Wazo limenijia nikinyolewa. Mjaluo yeyote anajua: mkwe hampi mama mkwe mkono. Hali chakula mbele yake. Akimwona njiani, anaingia kichakani ampishe. Sasa, nikimkwepa Maro mchana kweupe, kina mama wote wakiona, watasema nini? Watasema kumbe mambo yalishaiva! Naye ataanzaje kukataa kitu ambacho kanisa zima limeshakiona? Sitatamka neno. Miguu yangu ndiyo itakayoposa.

Levi maskini atamsalimia kwa mkono kama mtu wa kawaida.

Jioni nilijaribu. Maro alipita kibandani kuuliza basi linaondoka saa ngapi, akaninyooshea mkono. Nilificha mikono mgongoni nikamjibu nikiwa nimeukabili ukuta. Aliondoka akigeuka geuka kuniangalia. Dawa imeanza kuingia!

Beverly sijamwambia. Haya si mambo ya kumsumbulia mtoto wa watu.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya ushindi. Au karibu na ushindi.

Tulianza na makumbusho. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulipigia hesabu. Mwenyekiti hutembea mbele. Kiongozi wa ziara naye hutembea mbele. Kwa hiyo kila Maro alipokaribia, mimi nilikimbia, na kila nilipokimbia, kina mama walidhani ndiyo mwendo wa Nairobi, nao wakakimbia. Ukumbi wa mafuvu ya watu wa kale tuliumaliza bila kuona fuvu hata moja.

Kwenye ukumbi wa ndege nilijibanza nyuma ya kabati la vioo nikatoa maelezo kutoka huko. Nilipaza sauti kwamba yule mweupe ni ndege wa Ulaya. Shangazi yake Levi alisema huyo ndiye anayemwibia omena, dagaa wetu wa ziwani, kila asubuhi. Mwingine akauliza kwa nguvu, "Yawa, jamani, huyu kijana anaongea akiwa wapi? Si atoke tumwone!"

Sikutoka. Heshima ni heshima.

Nje kuna sanamu ya tembo, mnyama wa maana kabisa, na nilijificha nyuma ya miguu yake. Askari akanishika. Aliuliza namkimbia nani. Nikamwambia mama mkwe. Aliniachilia papo hapo, na nilimwona naye akichungulia huku na huku.

Na Levi? Levi alimshika Maro mkono kwenye kila ngazi. Akamsomea mbao za maelezo, neno kwa neno. Kusoma mbao! Hiyo ndiyo kazi ya kuongoza? Lakini kina mama wote walimzunguka yeye, na mimi nikabaki kuongoza tembo.

Tukashuka kwa miguu hadi Uhuru Park. Kina mama walitandika leso kwenye nyasi wakafungua samaki wa kukaanga waliotoka nao Sindo. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa miti, harufu ikinifikia vizuri sana. Sikuonja. Levi alikula na Maro sahani moja. Mkia alipewa yeye.

Kuna ziwa dogo pale, watu wanalipia kupanda mashua. Kina mama wa Sindo, waliokulia kando ya Ziwa Viktoria, walilitazama, wakatazamana, wakacheka hadi mmoja akalala chini. Maro akasogea ukingoni kunawa mafuta ya samaki. Akateleza. Aliyekuwa karibu naye ni mimi peke yangu, kwa sababu ua wangu uliishia hapo hapo.

Alinyoosha mkono. "Job! Nishike!"

Niliona wazi kwamba huu ndio mtihani wenyewe. Mkono wa mama mkwe! Mbele ya wote! Nikafunga mikono nyuma na kugeuza uso kwa adabu. Nikasikia chubwi.

Maji yalimfika kiunoni, tena akiwa ameketi. Levi alikuja mbio akamtoa. Aliyoyasema Maro kwa Kijaluo siyaandiki, maana yeye ni mwenyekiti wa kina mama wa kanisa. Lile jengo la picha hatukulifikia.

Jumapili, 17 Agosti

Niliitwa kwa Maro baada ya ibada. Nilijua nimekwisha. Nilikaa mlangoni, mgongo ndani, uso nje.

Maro alisema tulipokuwa tukirudi alikuwa na hasira nami hadi Narok. Kutoka Narok akaanza kufikiria. Hakumpa mtu yeyote nafasi ya kumkatiza. Alisema vijana wa siku hizi wanawashika mama wakwe kama mikoba, lakini huyu Job alikubali yeye azame kuliko kuvunja mila. Kama nina nia, niwalete wazee wangu.

Nilitaka kuruka! Zaidi ya hayo, Levi, aliyekuwa humo ndani akinywa chai, Maro alimwita "nyathina", mtoto wangu, kwa kuwa amemshika mkono na kula naye sahani moja. Kwa hiyo Levi sasa ni ndugu yake Beverly. Ndugu! Amejimaliza mwenyewe kwa mkia wa samaki.

Nilimgeukia nimwonee huruma. Levi alicheka hadi akapaliwa na chai. Alisema ana mchumba Awendo, wanafunga harusi Disemba, na kwamba yeye hajawahi hata kumwazia Beverly. Uongo wa mtu aliyeshindwa.

Ndipo Beverly akaingia na sinia ya mandazi. Akauliza tunayemzungumzia ni mume wa nani. Akaniuliza mimi, pale mlangoni, ni lini niliwahi kumsalimia. Nilijaribu kukumbuka. Akasema mamake angevunjika kiuno pale, na mwanamume anayetazama pembeni mtu akianguka atatazama pembeni siku yeye Beverly atakapoanguka. Hanitaki. Akaweka sinia chini akatoka, akipita juu ya miguu yangu.

Maro akasema mwenye kuolewa ameshasema, na hawezi kumpinga.

Nimerudi nyumbani. Nimelia kidogo, si sana. Ugali umeungua.

Jumanne, 19 Agosti

Nimetulia nikayapima mambo vizuri. Mpango ulifaulu. Maro nilimpata. Kilichokosekana ni binti tu. Kosa lilikuwa la ziwa lile, na la Nairobi kwa jumla.

Sasa kuna Valary, anayeshona sare za shule karibu na stendi. Mrembo, mpole. Sijaongea naye na sioni haja. Mama yake anauza omena sokoni.

Asubuhi nilipita hapo. Mama huyo akaninyooshea mkono anisalimie. Niliruka nyuma kwa heshima zote, nikaketi juu ya omena wote aliokuwa amewaanika. Alipiga yowe, soko zima likakusanyika.

Vizuri sana. Mashahidi ni wengi.