Gari Lako Lina Nyumba

Nyumba ya Askari wa Geti,
Kiwanda cha Pamba,
Kisumu.
Ijumaa, Machi 1972

Kwa Bwana Absalom Osewe,
Meneja wa Kiwanda,
Milimani.

Bwana Meneja mheshimiwa,

KUHUSU AMRI YA KUNITOA NYUMBANI KUFIKIA KESHO

Nakuandikia nikiwa nimekalia sufuria iliyopinduliwa, jambo ambalo nitalieleza nikikumbuka.

Nimepokea barua yako inayosema kwamba, kwa kuwa mimi si askari wa geti tena, nyumba ya askari wa geti si yangu tena, na kwamba kesho kabla ya adhuhuri niifunge na "kurejea nyumbani". Ni kweli tumezaliwa na mama mmoja, wewe ukiwa mkubwa. Lakini hapa nitakuita Bwana Meneja, kwa kuwa wewe umeniita "mhusika".

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimefutwa kazi kwa sababu ya utiifu. Wewe mwenyewe ulisimama mbele yetu ukatangaza kwamba asiye na kadi asipite getini, hata awe nani. Jumatatu ukaja bila kadi. Nikakuzuia. Wafanyakazi walicheka, hilo nakubali, lakini mimi sikucheka. Mimi nilicheka baadaye, ndani ya kibanda, na mlango nilikuwa nimeufunga.

2. Unasema nirejee nyumbani. Nyumbani kupi, Bwana Meneja? Kule kwetu Pap Onditi simba yangu, kile kibanda cha ujana wangu, kilianguka zamani kwa mvua. Na mtu mzima mwenye mke na watoto halali nyumbani kwa mama yake, hata wewe unajua. Sasa Mama Elsie na watoto niwalaze wapi? Juu ya ghala la mahindi?

3. Utaniambia nijenge. Haya! Nijenge vipi na wewe hujajenga? Kwetu mdogo hamruki mkubwa. Nikikuruka ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira ikishaingia haiulizi nani meneja na nani mhusika. Watoto watakonda, na mke wangu atanilaumu mimi. Mahali pako, pale kulia ukiingia langoni, pameota majani tangu tumzike Baba. Ng'ombe wa jirani wanakushukuru sana.

4. Kwa hivyo, kwa heshima zote, barua yako imekosea mtu. Ili mimi nitoke, ni lazima nijenge. Ili nijenge, ni lazima wewe ujenge kwanza. Ili ujenge, ni lazima uende ukalale Pap Onditi, maana nyumba ya mwanamume haijengwi kwa simu. Na ukilala Pap Onditi hutakuwa kazini, na nyumba ya kiwanda, kama ulivyoandika vizuri sana, ni ya aliye kazini. Basi anayepaswa kufungasha kesho ni wewe. Sikukusudia kufika huku, ni maneno yako yaliyonifikisha.

5. Ikiwa huwezi kuhama, naomba chumba cha gari lako. Nimekiona. Kina mlango, kina taa, kina sakafu ya saruji. Gari lako lina nyumba, na halikuzaliwa na Mama. Mimi niliyenyonya pale pale uliponyonya wewe nanyang'anywa chumba kimoja chenye moshi. Omera, ndugu yangu, hapo sifanyi mzaha. Imeniuma.

Nisalimie shemeji Dorca, watoto, mtunza bustani, na mbwa wako, ambaye pia ana nyumba.

Ni mimi, mhusika,
Laban Osewe
Aliyekuwa Askari wa Geti (mtiifu)

N.B. Ile sufuria. Nimeikalia kwa sababu viti viko Pap Onditi, pamoja na kitanda, Mama Elsie na watoto. Walihamia jana. Mwaka jana nilijenga huko nyumba ya kuku, na chira haina habari na nyumba za kuku. Ina vyumba viwili, madirisha na paa la bati. Kuku wenyewe wamekataa kuingia.

Kwa hivyo nyumba ya askari ni tupu, na hata leo ungeweza kuichukua bila kelele. Lakini Mama kila jioni huweka kigoda chake akakaa kutazama yale majani yako, na anasema hafi mpaka aone umesimamisha nguzo. Juzi aliniuliza kama bado unaikumbuka njia. Nikasema nitakuandikia. Nikaona barua ya upole ungeiweka tu mezani, ndiyo maana nikakukasirisha. Nisamehe kidogo.

Kesho asubuhi nitakuwa kwenye stendi ya basi, nimekuwekea nafasi karibu na dirisha. Ufunguo wa nyumba nimemwachia askari mpya wa geti. Ni kijana mzuri, nimemfundisha kazi mwenyewe. Ukija kuuchukua, usisahau kadi.