Gari la Ukweni, Injini ya Kuazima

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Msiba! Injini imekufa. Na si injini ya gari lolote tu. Gari la spoti, jekundu, milango miwili, limeinama mbele kama paka anayevizia panya. Busia yote, Kenya na Uganda, hakuna lingine kama hilo. Nilikuwa nalipeleka Tororo likatembee mjini kidogo, watu walizoee. Katikati ya mashamba ya Sikuda likagonga ko-ko-ko, likatoa moshi, likanyamaza. Mama mwenye shamba alikuja kuuliza kama ni mimi ninayechoma takataka.

Taa ya oili imekuwa ikiwaka tangu Pasaka. Nilidhani ni pambo.

Aliyenikuta pale ni Kevo. Katika watu wote wa dunia! Kevo ni jirani yangu na hasimu wangu. Ana Probox ya kubebea mayai kutoka Uganda, na tangu ninunue gari jekundu hajanisalimia vizuri. Leo alinisalimia vizuri sana. Akanivuta kwa kamba mpaka Tororo, polepole, akipiga honi ili asikose mtu kuniona. Waendesha boda walinipigia saluti.

Sasa balaa lenyewe. Jumamosi naenda Kirewa kujitambulisha kwa kina Justine, mchumba wangu. Baba yake, mzee Oboth, ana kisiagi kinachosaga unga wa kijiji kizima, na ana msimamo. Nilimwahidi Justine kwamba nitaingia na gari langu mwenyewe. Justine akamwambia baba yake. Mzee akamjibu, "Kijana akisema anakuja na gari, aje na gari. Akija na maneno, arudi nayo."

Nampenda Justine. Naandika hapa kwa sababu Kevo hawezi kusoma hapa.

Jumanne, 5 Agosti

Gereji ya Imalingat, chini ya jabali la Tororo. Amefungua boneti, akatazama, akanipa pole ya matanga. Anasema injini imejikaza, haifufuki. Niagize iliyotumika kutoka Kampala, itafika wiki ijayo. Wiki ijayo! Wiki ijayo Justine atakuwa ameposwa na mtu mwenye gari zima.

Ndipo nikaiona. Pembeni, chini ya gunia. Injini pacha wa yangu! Nikapiga magoti kuitazama. Imalingat akaniwahi.

"Hiyo si ya kuuza," akasema. "Iko ya mzee moja wa Kirewa. Nabadilisha ringi tu, mzee atakuja chukua."

Akanieleza asili yake. Zamani ilitoka kwenye gari la spoti lililopinduka njia ya Malaba. Bodi ikauzwa chuma chakavu, injini ikapelekwa kijijini kuzungusha kisiagi. Aibu gani hiyo! Injini ya mashindano kusaga posho, unga wa ugali! Niliihurumia kwa dhati. Nikiwa njiani kurudi Busia wazo likanijia. Sinunui. Naazima!

Sikuuliza mzee ni nani. Kirewa ina wazee wengi.

Jumatano, 6 Agosti

Imalingat amekubali, ingawa kwa shida. Nilimweleza kwamba injini iliyotengenezwa bila kutembezwa haijapona. Kwamba ikimfia mzee mkononi, jina la gereji litaharibika. Kwamba mimi, kwa upendo tu, nitaijaribu barabarani Jumamosi na kuirudisha Jumapili. Akataka kumpigia mzee simu aombe ruhusa. Nikamkataza. Wazee hawapendi kusumbuliwa msimu wa mavuno. Nimeweka rehani redio ya gari na saa yangu ya mkononi. Saa haitembei, lakini hilo hakuuliza.

Jioni Justine amepiga simu, hana raha. Kisiagi cha baba yake kimenyamaza. Injini iko kwa fundi na fundi anawazungusha. Mahindi yamejaa, akina mama wanabeba madebe mpaka kisiagi cha mbali, na unga wa wageni wangu haujasagwa. Mzee hasemi na mtu. Nimeumia kweli. Nikamwambia mafundi wa siku hizi hawana haya, na huyo wao nikimpata nitamtia adabu. Nilikuwa ndiyo namuuliza jina lake, simu yangu ikaisha chaji.

Alhamisi, 7 Agosti

Imeingia! Imekaa kama iliyozaliwa humo!

Shida ni ndogo tu. Huyo mzee wa watu aliifunga waya kwenye kabureta ili izunguke mwendo mmoja, ule wa kusagia, na Imalingat hataki kuugusa kwa sababu mzee amekataza. Kwa hiyo gari linajua mwendo mmoja. Halafu kuna unga. Tulipoiwasha ilinguruma, nusu ya Tororo ikageuka, na matundu ya hewa yakatupulizia unga usoni. Imalingat anaapa aliisafisha. Unga una mahali pake pa kujificha.

Kevo alikuja kuangalia. Akauliza kama naenda kuposa au kukanda chapati. Nahitaji Probox yake kubeba ukoo Jumamosi, kwa hiyo nikacheka kidogo.

Msemaji wetu ni baba mdogo Mangeni. Amenikumbusha sheria: siku hiyo mchumba hafungui kinywa. Anakaa na watu wake, kichwa chini, msemaji anasema yote. Mchumba akitamka neno moja mbele ya wakwe, wakwe wananyanyuka na posa imekufa. Baba mdogo anaipenda sana sheria hiyo. Anasema waliotangulia waliitunga kwa ajili yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Justine tena, karibu alie. Mzee ametuma mtu na pikapu mpaka kwa fundi. Fundi amesema injini ni nzima lakini imetoka kidogo kujaribiwa. Kujaribiwa! Msimu wa mavuno! Nikamuuliza Justine ni mtu wa namna gani anayeweza kuchukua injini ya mzee wa watu akaenda kujifurahisha nayo. Akasema nina moyo mzuri.

Kweli ninao. Nimelipiga gari rangi ya kung'arisha mpaka najiona meno.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia, Kirewa. Nianze mwanzo.

Tulitoka Tororo asubuhi. Mimi na shangazi Truphena katika gari jekundu. Nyuma yetu Kevo, baba mdogo na wazee wengine kwenye Probox, wakinuka mayai. Nilivaa suti nyeusi. Makosa, suti nyeusi. Gari lilinguruma mwendo wake ule ule, kwenye lami na kwenye mashimo, na shangazi alisali njia nzima.

Tulipoingia Kirewa, ajabu! Watu wakatoka majumbani. Akina mama, wasichana, hata katekista, wote na madebe na mabeseni ya mahindi kichwani, wanakimbia kando ya gari wakipiga vigelegele. Nikadhani ndivyo mkwe anavyopokewa huku. Nikawapungia mkono. Shangazi alisema tangu azaliwe hajaona ukweni kwenye heshima kama huku. Walitufuata mpaka nyumbani kwa mzee Oboth. Lakini hawakuja kwenye hema la wageni. Walipanga foleni mbele ya kibanda cha kisiagi.

Mzee Oboth alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, amefumba macho, anasikiliza. Nikazima gari. Akafumbua macho. Akaja moja kwa moja, hakunisalimia, akainua boneti mwenyewe. Akapitisha mkono chini chini mpaka akaushika waya wake. Akaniangalia, suti nyeusi na unga mweupe.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilichelewa, lakini nilielewa.

Mzee akamgeukia baba mdogo. "Wageni," akasema polepole, "hebu mtueleze. Hii injini yangu imekuja na nani?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na uongo mzuri sana, tayari kabisa. Shangazi akanivuta koti, nikakumbuka sheria, nikakaa. Baba mdogo maskini hakujua chochote, ila kwamba gari limetoka kwa fundi na foleni ya madebe iko mbele yake. Lakini hajawahi kukosa neno. Akasimama, akakohoa, akaanza. Akasema mtoto wao alisikia kilio cha ukweni. Alisikia mashine imenyamaza na akina mama wanateseka na madebe. Hakulala! Akaifuata injini kwa fundi, na kwa kuwa hakuona gari la kustahili kuibeba, akaitia ndani ya gari lake mwenyewe.

Makofi! Nikaanza kupumua. Ningeweza kumkumbatia. Laiti angeishia hapo! Lakini makofi ni pombe kwa baba mdogo. Akainua mkono watu watulie. "Na kwetu sisi Wasamia," akasema, "kikapu kilichopeleka zawadi kwa wakwe hakirudi siku hiyo hiyo. Kikapu kinabaki."

Vigelegele vikapasua hema. Kikapu ni gari langu! Nikasimama. Nikafungua kinywa kwa mara nyingine. Wakwe wote wakaniangalia, wanasubiri neno moja tu. Justine naye aliniangalia kutoka kwenye mkeka wa akina dada. Nikamtazama Justine. Nikatazama gari. Nikamtazama Justine tena. Moyo uliniuma pande zote mbili. Nikakaa.

Hawakupoteza muda. Wakalipandisha gari juu ya matofali, wakavua tairi la nyuma, wakafunga mkanda kutoka kwenye rimu mpaka kisiagini, na foleni ikaanza kusogea. Posho ya wageni wangu imesagwa na gari langu la spoti. Ilikuwa laini, lazima nikiri. Kevo alipakua, akapakua tena, na hakuacha kutabasamu hata wakati wa kutafuna.

Mzee Oboth amenikubali. Amesema kijana alisema atakuja na gari, na kweli amekuja nalo. Wakati wa kuagana Justine alinipangusa unga begani.

"Lenox, hiyo sauti imeniamsha tangu nikiwa mtoto," akaninong'oneza. "Mlipokuwa bado barabarani nilishajua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema lolote. Akasema hata yeye leo alikatazwa kufungua kinywa.

Sasa nasubiri Kevo anitafutie nafasi kati ya trei za mayai.

Jumapili, 24 Agosti

Kirewa tena. Gari halikubali kuwaka mpaka mimi nilipige kofi kwenye dashibodi, mahali fulani, kwa namna fulani, kwa hiyo kila siku ya kusaga naitwa. Nimekuwa mweupe mpaka kwenye kope. Mzee Oboth anasema nina mkono wa kazi. Ile safari ya kujaribiwa mzee hajaisahau: Imalingat amesamehewa, mimi bado nasamehewa kidogo kidogo, kwa madebe. Jana Kevo alileta mahindi kutoka Busia, mpaka huku, ili tu apange foleni mbele yangu.

Asubuhi tulikwenda kanisani. Ndoa yetu itafungwa Desemba, hapa hapa Kirewa. Kwaya iliimba bila vipaza sauti kwa sababu jenereta ya kanisa iko kwa fundi huko Tororo, na padre alilalamika mpaka katikati ya mahubiri. Nilimwonea huruma. Mafundi wa siku hizi!

Lakini nina habari njema. Justine hawezi kutoka kanisani ndani ya Probox ya mayai. Haiwezekani! Nimezungumza na mzee, na amesema kikapu kimelala ukweni vya kutosha: nikipata injini nyingine ya kutia ndani ya gari, yake aitoe airudishe kisiagini, na gari nilichukue. Haki kabisa.

Nikampigia Imalingat. Akakata simu. Nikapiga tena mpaka akachoka. Anayo moja, nzima, ndiyo amemaliza kuitengeneza. Nayo asili yake ilikuwa ya gari, ila siku hizi inazungusha jenereta ya padre fulani, kwa hiyo anasema si ya kuuza wala si ya kuazima. Nikamweleza kwa upole kwamba injini iliyotengenezwa bila kutembezwa haijapona. Ameanza kulegea. Kesho alfajiri nakwenda Tororo.

Sikuuliza padre ni nani. Huku kwetu mapadre ni wengi.