Nilivyoridhia Simu ya Fundi Cherehani

Jumatatu, 4 Machi
Asubuhi laini. Fundi cherehani kaleta simu niichaji hapa kinyozini, kama kila siku. Akasema asante, kaka. Hilo "kaka" ni haya tu, najua. Nikanyoa wateja watatu nikiwa mawinguni: mimi na yeye sebuleni, mapazia ya bluu yakipepea. Wa tatu kalalamika nimemnyoa upande mmoja. Watu wengine hawana mapenzi!

Jumanne, 5 Machi
Kaja koplo wa polisi. Anaitaka simu ya fundi aipekue. Ndugu wa fundi anashukiwa kwa mabati yaliyopotea ghalani. Hati ya mahakama hana. Akasema mchaji simu hawezi kuridhia kwa niaba ya mwenyewe, labda mume. Mume! Akasogeza fomu. "Uhusiano na mwenye simu." Kalamu ikaenda yenyewe. "Mume." Lo, neno tamu! Nikatia sahihi, na namba ya siri nikampa. Fundi huibonyeza mbele yangu. Mchana kutwa nimeelea.

Jumatano, 6 Machi
Nimeitwa kituoni. Fundi kafura. Kumbe simu ina vipimo vya wateja wake wote, viuno vya mtaa mzima. Koplo kasoma hadi kiuno cha mke wa mkuu wa kituo! Mkuu akamuuliza fundi kama mimi ni mumewe. Akajibu mimi humchajia simu. Basi. Mkuu akanguruma kwamba ruhusa hutoka kwa mwenyewe au mahakamani, si kwa kinyozi. Simu ikarudishwa. Nje, fundi akalia. Wateja wanne wamemkimbia. Akasema aliniamini. Imeniuma, wallahi.

Alhamisi, 7 Machi
Mabati yameonekana ghala la pili, hayakuibwa. Nikampelekea fundi habari njema mbio mbio. Hakuinua kichwa. Shingo yake nzuri sana akiwa amekasirika.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeona kwa macho yangu: simu yake inachajiwa kwa fundi viatu, ng'ambo ya barabara! Mtu mwenyewe hata ndevu hachongi. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikajizungusha polepole, dari ikizunguka nami, nikawaona watoto wetu wawili wakija, wana mashavu kama yangu. Hasira ikaisha, akili ikaja. Nimeshapiga shati pasi. Kesho naenda kituoni kushtaki: simu ya mke wangu inashikiliwa na mtu baki, na mimi sijaridhia.