Doa la Manjano Chini ya Nyota

Jumatatu, 6 Julai

Hospitali imemaliza kujenga chumba kipya cha kusubiria wagonjwa. Ukuta mzima mtupu! Mganga mkuu anataka picha moja kubwa ya mandhari ya hapa hapa, ifike kwake Jumatatu ijayo asubuhi. Moja tu. Miaka yote nimekaa kwenye kistudio hiki nikiwaambia watu wainue kidevu, wasicheke, masikio yaonekane. Kazi zangu zote huishia ndani ya pochi za watu. Nataka moja ining'inie ukutani, mtu mwenye maumivu aitazame asahau kidogo. Naitaka nafasi hii mpaka usingizi umenipaa.

Picha ninayo. Anga la usiku juu ya bonde letu, nimelipiga kutoka kilimani, nyota zimejaa tele. Kulikuwa na doa la manjano chini kwenye kona, taa ya mtu asiyejua kulala. Kila nikipiga picha kule juu lazima liwepo. Nimelifuta kwenye kompyuta, polepole, ulimi nje. Watu wengine hawana ustaarabu wa kuzima taa.

Swali ni hili: picha ni nzuri kweli, au najidanganya? Nimemwuliza shemeji, kaka yake mke wangu, aliyepitia kula. Kasema nzuri sana. Kasema kabla sijaigeuza upande wenye picha.

Watu wanaona haya mbele ya mwenye kitu. Lazima nitafute mbinu.

Jumanne, 7 Julai

Mbinu imepatikana! Nimeitundika picha mbele ya stuli ya wateja. Kila anayekaa namwambia imepigwa na Bwana Lenzi, mwenye studio ng'ambo ya barabara. Tunamwita hivyo kwa sababu kamera haimtoki shingoni, hata msibani. Ikiwa kazi ni ya mtu mwingine, watu wataichambua bila kunionea haya.

Matokeo. Dereva wa lori kaitazama, kasema hapo sasa ndipo unapoona mkono wa fundi. Kisha kanitazama mimi kwa huruma. Bibi harusi mtarajiwa, aliyekuja na mama yake kuulizia bei, kauliza studio ya huyo bwana iko wapi. Nikawaonyesha kwa kidole. Ningefanyaje? Nimewaona dirishani wakivuka barabara, wote wawili wanacheka. Harusi hiyo imekwenda.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: kufikia jioni nilikuwa namwonea wivu Bwana Lenzi kwa picha yangu mwenyewe.

Jumatano, 8 Julai

Kaja mwenyewe! Tangu jana watu wanampongeza kwa picha asiyoijua. Nilidhani tutashikana mashati. Wapi. Kavuta stuli, kakaa mbele ya picha, mikono magotini, kaitazama kona hadi kona. Kisha akasema, taratibu tu, kwamba bonde limelala upande. Kwamba nimeiacha kamera wazi muda mrefu mno, nyota zimevutika badala ya kuwa nukta. Kwamba huku chini kote ni giza, jicho halina pa kukaa. Anga zuri, akasema, lakini anga halikutengenezwa na mimi. Akaniomba nisiliweke jina lake kwenye kazi ya namna ile. Akaaga vizuri.

Wivu! Wivu mtupu!

Mchana nikaazima pimamaji ya seremala jirani, nikailaza kwenye mstari ambapo ardhi inakutana na anga. Kiputo kikakimbilia pembeni kabisa. Nimelifikiria jambo hili kwa makini, na nimeamua kwamba bonde lenyewe ndilo limeinama.

Ila lile neno la jicho kukosa pa kukaa limenikaa kichwani. Nimelala nalo mchana, nimeamka nalo.

Alhamisi, 9 Julai

Aliyebaki ni mke wangu. Fundi cherehani, anashonea nyumbani. Ni mtu wa kukuambia suruali haijakukaa huku wewe bado unajigeuza kwenye kioo. Mambo ya picha simwulizi kamwe. Labda kwa sababu atajibu.

Nikampelekea, nikasema imeletwa na mteja. Akaacha cherehani, akaibeba hadi mlangoni penye mwanga. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama Bwana Lenzi.

"Huyu mteja wako alisimama palepale unaposimama wewe," akasema. "Basi nyumba yetu ingeonekana hapa kwenye kona. Mbona haipo?"

Nikasema labda palikuwa na giza.

"Hapawi na giza. Ukiwa huko juu mimi naacha taa ya jikoni inawaka mpaka urudi. Kila mara. Mwambie mteja wako amefuta watu."

Akarudi kwenye cherehani yake. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

Doa la manjano! Nimekuwa nikilifuta miaka yote hii, nikimtukana kimoyomoyo huyo asiyejua kulala. Nimekaa uani mpaka kukapoa. Nimeona aibu, aibu ya kweli, siyo ile ya kupita. Nikamtazama kupitia dirisha, ameinamia kola ya shati la mtu, na nikampenda hadi kifua kikauma. Nikaingia ndani nimwambie. Nikamwambia chai ina sukari ya kutosha.

Jumamosi, 11 Julai

Jana nilikesha na kompyuta. Nimerudi kwenye picha ya mwanzo, ile yenye doa. Ni picha nyingine kabisa! Anga lote lile, na huku chini dirisha moja. Jicho linapanda juu, linazunguka, linachoka, linashuka kukaa pale. Bwana Lenzi alisema kweli. Hatalijua hilo kutoka kinywani mwangu.

Ila bonde bado limelala na nyota bado zimevutika. Lazima nirudie, na leo anga ni safi. Pimamaji ninayo, sijamrudishia seremala.

Mchana nikakiri kwa mke wangu kila kitu, pamoja na kwamba mteja hakuwepo. Akasema alijua. Wateja wangu huleta nyuso, akasema, hakuna aliyewahi kuleta mbingu. Halafu akafunika cherehani na kusema leo tunakwenda wote, akakione hicho kinachomnyima mume. Nimefurahi hadi nimesahau nilikoweka betri. Zilikuwa mfukoni.

Jumapili, 12 Julai

Naandika nikiwa studio, juu ya stuli ya wateja. Shingo inauma. Nieleze kwa utaratibu.

Tulipanda pamoja, yeye na shuka na chupa ya chai. Akakaa juu ya jiwe, akainua uso kwenye nyota. Baadaye akasema hakujua kwamba ziko nyingi hivi. Akaniegemea begani. Akasema sasa anaelewa kwa nini nachelewa, na kwamba ningemwambia zamani tungekuwa tunakuja wote. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa na raha kama ile. Nikasimamisha stendi ya kamera, nikaweka pimamaji, kiputo kikatulia katikati. Nikachungulia.

Chini giza tupu! Hakuna taa. Bila shaka hakuna. Mwenye kuiwasha yuko hapa kilimani na mimi.

Nilifikiri. Naapa nilifikiri, japo kidogo. Kisha nikamwomba ashuke nyumbani akaiwashe.

Alinitazama. Akakunja shuka, akachukua chupa ya chai.

"Haya, mume wangu," akasema, akashuka.

Nikasubiri. Dirisha likawaka. Nikabonyeza. Kamera ilipomaliza tu kazi yake, taa ikazimika. Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na shuka limewekwa kizingitini, limekunjwa vizuri. Nikabisha. Nikasikia cherehani ikianza kuzunguka gizani.

Nimeifungua picha kwenye kompyuta. Bonde limenyooka. Nyota nukta nukta. Taa iko pale pale inapotakiwa, na jicho linashuka kukaa. Sijawahi kupiga picha nzuri kama hii. Nadhani. Lakini nani wa kunihakikishia? Kesho asubuhi inatakiwa hospitali, na duniani kuna mtu mmoja tu wa kuniambia kweli bila kunionea haya, na mtu huyo kwa sasa hataki hata kusikia sauti yangu.

Nimeshapata mbinu. Nitaipenyeza chini ya mlango na kusema imeletwa na mteja.