Regyuleta ya Zamani au Mpya

Jumatatu, 8 Septemba

Barua pepe imefika! Nimeisoma shambani, nimeegemea jembe. Mradi wa kuchunguza konokono wa Ziwa Tanganyika unatafuta mpiga mbizi msaidizi. Nafasi moja. Tumeitwa wawili. Majaribio Jumamosi, Kigoma mjini.

Mwaka mzima niko nyumbani Kasulu na shahada yangu ya sayansi ya viumbe wa majini, huku milimani ambako maji yenye kina ni ya kisima cha shule. Nikikosa nafasi hii, Mama ameshaamua: naenda Kumsenga kumsaidia baba mdogo dukani. Sabuni, chumvi, betri. Mpaka nizeeke.

Wa pili ni Saady. Tulisoma wote chuoni. Sasa anauza asali Kibondo na anacheka hovyo. Saady ana regyuleta mpya.

Mama akauliza regyuleta ni mdudu gani. Nikamweleza: hewa ya kwenye mtungi ni kali, ingekupasua mapafu. Regyuleta inaipoza, inakupa mdomoni kiasi unachovuta. Mama akasema basi hata yeye ni regyuleta, maana asingepoza hasira za marehemu baba nyumba ingepasuka.

Yangu ni ya zamani. Niliachiwa na mhadhiri aliyestaafu. Ina umri wa kunizidi. Je, ninunue mpya? Barua inasema tuje na vifaa vyetu kama tunavyo. Nimewaza sentensi hiyo mchana kutwa. Ni hiari? Au wanatupima nani yuko makini?

Ni mtihani. Nina uhakika. Karibu nina uhakika.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeipima. Mtungi wa hewa hakuna Kasulu nzima, kwa hiyo nimetumia njia ya kitabuni: unaziba upande wa mtungi, unavuta upande wa mdomo. Hewa isipokuja, kifaa hakivuji, ni kizima.

Nikavuta. Hakuna hewa. Nikashangilia! Mama akatoka jikoni na mwiko. Akauliza kama nashangilia kukosa pumzi. Nikasema ndiyo. Akarudi jikoni taratibu, kinyumenyume.

Baadaye nikaingiwa na shaka. Huenda hewa haiji kwa sababu ni nzima. Huenda haiji kwa sababu imeziba. Dalili ni ileile!

Nikaipeleka kwa Wilondja, fundi Mkongo wa Nyarugusu anayetengeneza pampu za maji za kambi ya wakimbizi. Leo alikuwa na kibali cha kuja mjini kununua mipira ya pampu. Zamani alivua samaki kule Baraka, upande wa Kongo, kwa hiyo ziwa analijua. Akaifungua, akaipuliza, akainusa. Akasema, “Dada, hii kintu iko bien. Mwenye iko na probleme ni weye.”

Kifaa kizima, mbovu mimi! Sikupenda kauli hiyo. Lakini nimeandika: maoni ya fundi, moja kwa sifuri, ya zamani inaongoza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata mpango. Mzuri mno, nimeogopa kuufikiria kwa sauti.

Sina haja ya kununua mpya. Saady anayo! Nitamshawishi kwamba za zamani ni bora, abadilishane na mimi. Nikaandaa hoja kumi na moja, nikampigia.

Nikamwambia kifaa chenye vipuri vichache kina machache ya kuharibika. Nikamwambia watafiti wakubwa wanaheshimu vyuma vya zamani. Nilipofika hoja ya tatu akasema, “Poa, ndugu yangu, tubadilishane tu.” Hakuuliza lolote. Akacheka.

Hoja nane zimebaki mkononi. Kwa nini amekubali haraka hivyo?

Nimetuma yangu kwa basi la mchana. Yeye ametuma yake kwa basi la kutoka Kibondo. Zitakuwa zimepishana mahali fulani barabarani.

Alhamisi, 11 Septemba

Kifurushi kimefika, na nyuki wawili juu yake. Saady ameitia regyuleta kwenye ndoo ya asali iliyokwisha! Konda alinikabidhi kwa kuirusha, kisha akakimbia. Nimeiosha kwa maji ya uvuguvugu mara nne. Bado inanukia maua ya miombo.

Ni nzuri. Nyepesi. Lakini ina kitu ambacho yangu haina: kirungu cha kuzungusha pembeni, upande mmoja alama ya kujumlisha, upande mwingine ya kutoa. Kinarekebisha ugumu wa kuvuta. Nikakizungusha kwenye kujumlisha. Nikawaza, kujumlisha nini? Hewa au ugumu? Nikazungusha kwenye kutoa. Swali likabaki lilelile.

Na katikati hakuna alama.

Nikasoma tena hoja zangu kumi na moja. Ni za kweli! Nimejishawishi mwenyewe. Saady sasa ana kifaa chenye vipuri vichache, na mimi nimekaa na kirungu. Ndiyo maana alicheka.

Nikampigia nikidai yangu. Akasema hapana, ameanza kuipenda, ameshaisugua mpaka inang'aa. Akanitajia hoja zangu mwenyewe, ya kwanza mpaka ya tatu, kwa mpangilio. Nikamtajia ya nne mpaka ya kumi na moja, nikiwa na hasira. Nilipomaliza akanishukuru, akasema sasa ndiyo hatairudisha kabisa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpango mpya: nikamshawishi upya kwamba mpya ni bora. Hoja saba. Nilizipata kwa kugeuza zile za juzi.

Akasema tutabadilishana kesho kwenye basi, kwa kuwa linalotoka Kibondo linanichukua Kasulu. Akasema pia kwamba yeye haoni tofauti. Haoni tofauti! Mtu anayekwenda chini ya maji!

Mama amenifungia viazi vitamu vya njiani. Akaniambia nikawasalimie wakubwa vizuri huko, nisije nikamwaibisha. Akauliza kama bado sijaamua kuhusu huyo mdudu. Nikasema nimeamua mara tano. Akasema baba mdogo amepiga simu kuuliza kama nipelekewe kitanda Kumsenga.

Jumamosi, 13 Septemba

Nianzie wapi?

Tulibadilishana tulipokaribia Titye. Nikatulia kwa kilometa kama kumi. Kisha nikaona jinsi Saady alivyoipakata ile mpya, nikaomba tena. Kwa jumla tukabadilishana mara tatu. Mama mmoja wa siti ya nyuma akauliza kama tunagombania mirathi.

Tulipofika ufukweni, nilikuwa na ya zamani. Nadhani.

Mkuu wa wapiga mbizi ni Mzee Venanti, mtu wa Kitahana, ndevu nyeupe, sauti ya chini. Akazitazama regyuleta zetu, akaziweka zote mbili kwenye kreti pamoja na ndala zetu. Akasema mradi una vifaa vyake, vyote vya aina moja. Tulivyoleta tutavichukua jioni.

Wiki nzima!

Tukashuka. Mita tano, kamba ya kushikilia, samaki wanatutazama kama watu wa sokoni. Nilipumua vizuri. Nilifurahi, nakiri. Zoezi lilikuwa hili: unaonyesha ishara kwamba hewa yako imekwisha, Mzee anakupa mdomo wa akiba wa regyuleta yake, unaupokea kwa mkono mmoja na kupumua. Mkono wa pili hauachi kamba.

Nikaonyesha ishara. Mzee Venanti, mtu mwenye umri wa babu yangu, akanyoosha mkono, akanipa kitu.

Nikapokea kwa mikono miwili. Na nikapiga goti.

Kamba ikabaki peke yake. Goti langu likapiga maji kwa lile pezi la mguuni, nikaanza kupanda. Na kwa kuwa nilikuwa nimeushika mdomo wa akiba kwa heshima zote, Mzee naye akapanda, nikimvuta kwa mpira wake kama mbuzi wa mnadani. Tukaibukia juu pamoja. Nikamwamkia shikamoo. Sijui kwa nini.

Saady, muuza asali, aliyezoea kupokea pesa kwa mkono mmoja huku wa pili uko kwenye droo, aliunyakua ule mdomo kama mwizi wa simu. Amepata kazi.

Mzee aliniita pembeni. Akasema, “Mwanangu, umelelewa. Lakini chini ya maji hakuna mzee, kuna kamba.” Akasema upumuaji wangu ni mzuri kuliko wa mwenzangu. Nafasi ya pili itafunguliwa baada ya mwezi. Nirudi. Nifanye zoezi moja tu nyumbani: kupokea kwa mkono mmoja.

Jumapili, 14 Septemba

Nina mwezi mmoja. Mama amekubali Kumsenga isubiri.

Saady amepiga simu. Anasema mradi unampa vifaa, kwa hiyo nichukue regyuleta zote mbili zilizobaki kwenye kreti, bure, nifanyie mazoezi. Nimefikiri kwa saa nne. Mtu hatoi kitu bure kama hakina kasoro. Nimekataa zote mbili, pamoja na iliyo yangu.

Kisha nimechambua tukio la jana kwa utulivu, kisomi. Kosa lilitokea wakati gani? Wakati mzee ananipa kitu. Kwa hiyo tatizo ni kupewa. Kwa hiyo suluhisho ni kifaa ambacho hupewi na mtu! Nimepata picha yake mtandaoni: regyuleta ya kisasa yenye mdomo wa akiba unaoning'inia shingoni mwako mwenyewe. Hakuna mzee, hakuna goti.

Niinunue? Bila shaka. Nimechora jedwali, faida upande huu, hasara upande ule. Mdomo wenyewe ni wa manjano, unaonekana vizuri majini. Nimeuandika kwenye faida.

Lakini je, ukionekana vizuri mno, mzee akauona, akaushika anipe yeye? Nimeuandika na kwenye hasara.