Kutu Mikononi

Umma wa Accra na vitongoji vyake ulitangaziwa, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba Baraza la Ukamilifu wa Madaktari limezindua Mpango wa Taifa wa Kuondoa Kutu Mikononi. Mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa Baraza, Profesa Ampofo-Twumasi. Aliyemkaribisha mgeni rasmi alikuwa yeye mwenyewe pia, kwa kuwa hakuonekana mtu mwingine mwenye hadhi ya kumkaribisha.

Kutu yenyewe ilikuwa hivi. Vijana waliosomea udaktari ng'ambo walitakiwa kurudi nyumbani, kufanya mtihani wa leseni, kufaulu, kisha kusubiri nafasi ya ubingwa katika hospitali kuu. Leseni ingekabidhiwa siku ya kuripoti kazini. Kabla ya hapo, marufuku kumgusa mgonjwa. Sasa Baraza, baada ya utafiti wa kina uliofanyika katika hoteli ya ufukweni, lilikuwa limegundua jambo la kutisha: watu waliokatazwa kugusa wagonjwa kwa miaka mitatu walikuwa hawajagusa wagonjwa kwa miaka mitatu. Hatari kama hiyo haivumiliki. Wote warudie mtihani.

Dzifa Tamakloe alizisikia habari hizo redioni, akiwa kwenye kibanda cha shangazi yake pale Kaneshie, akifunga waakye, wali wa maharage wa moto, kwenye majani. Alikuwa amesomea Urusi, kwenye baridi ya kukausha mate. Aliporudi, mtihani wa kwanza alifeli malaria, kwa sababu kule alikosoma malaria ilikuwa picha moja kwenye ukurasa ambao mwalimu aliuruka. Mara ya pili alifeli kwa nusu alama, na Baraza likampongeza kwa kukaribia. Mara ya tatu alifaulu vizuri, akaambiwa sasa asubiri. Alitaka ubingwa wa watoto. Alisubiri mpaka wateja wakamzoea kwa jina la Daktari wa Wali.

"Mwanangu," alisema Shangazi Mawusi, akigonga upawa kwenye ukingo wa sufuria, "hao watu wanakufundisha udaktari au uvumilivu?"

"Vyote viwili, Shangazi."

"Basi wakupe shahada ya pili. Hiyo ya uvumilivu umeshahitimu."

Wiki hiyohiyo jirani yao, muuza vitambaa, alikuja mbio na mtoto aliyekakamaa kwa degedege. Dzifa hakuliuliza Baraza. Alimlaza mtoto kwa ubavu, akamlegeza nguo, akasimamisha teksi, akaenda naye mpaka hospitali. Mlangoni nesi akauliza, "Wewe ni daktari?"

Dzifa alimkabidhi mtoto.

"Mimi ni jirani," akasema.

Mtoto alipona. Mama yake alileta kitenge cha shukrani. Dzifa alikipokea kwa mikono miwili, akaingia nyuma ya kibanda, akalia mpaka kamasi zikamtoka, halafu akanawa uso na kumwambia shangazi yake kwamba kesho hatauza. Anakwenda kwenye mkutano.

Baraza lilikuwa limeitisha Kikao cha Ufafanuzi wa Kutu, kikirushwa moja kwa moja redioni. Dzifa alikwenda na Seidu Nantogma, mwenzake wa kujisomea mtihani, kijana wa Tamale aliyesomea Kuba na kurudi na digrii pamoja na mtindo wa kucheza ambao haukumsaidia popote.

"Dzifa, nakujua," Seidu alimnong'oneza. "Usije ukaniponza. Mimi nimefuata soda tu hapa."

"Kunywa soda yako."

Profesa alipanda jukwaani. Alikuwa na sauti nzuri, lazima tuseme. Ukimsikia unatamani kuugua.

"Daktari ni mikono!" alisema. "Mikono ikikaa miaka mitatu bila mgonjwa, huyo si daktari tena, ni seremala aliyesahau nyundo. Na sheria hii haichagui uso. Mkubwa kwa mdogo, mwenye mvi na asiye na mvi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma! Atakayefeli, asishike cheo chochote cha udaktari nchini mpaka atakapofaulu!"

Makofi yalipigwa. Katibu wa Baraza alipiga zaidi, kwa mujibu wa majukumu yake.

Dzifa alisimama. "Profesa, kwa heshima zote, ningependa kujifunza kutoka kwako. Mgonjwa wako wa mwisho alikuwa anaumwa nini?"

Profesa alicheka kwa ukarimu. "Binti yangu! Mimi nimekalia kiti hiki miaka kumi na miwili. Wagonjwa nitawapata saa ngapi?"

Katibu alianza kupiga makofi, akaacha.

"Wasikilizaji wapenzi," alisema mtangazaji wa redio, bila ubaya wowote, "mwenyekiti amethibitisha kwamba naye ana kutu."

"Yesu na Maria," alisema Seidu, ambaye ni Mwislamu. "Msumeno umeanza kurudi nyuma."

Wizara, ambayo huogopa kuchekwa kuliko inavyoogopa kipindupindu, ilitangaza alasiri ile kwamba Profesa amejitolea kwa hiari yake kufanya mtihani, ili awe mfano kwa vijana. Profesa mwenyewe alipata habari za hiari yake kwenye redio ya gari.

Alijiandaa kama kiongozi: aliunda jopo la kumsomea. Jopo lilisoma, likaandaa muhtasari, kisha muhtasari wa muhtasari, na likapendekeza liongezewe muda.

Dzifa na Seidu walijiandaa kibandani. Seidu alijilaza kwenye benchi, Dzifa akimbonyeza tumbo.

"Unaumwa wapi?"

"Hapo hapo kwenye njaa."

Siku ya mtihani wa vitendo, wagonjwa wa kuigiza walipangwa nyuma ya mapazia. Dzifa alikaa akisubiri zamu ya kumwona Maame Korkor, mwalimu mstaafu aliyeelekezwa aseme tumbo linamuuma upande wa kulia. Zamu kabla yake ilikuwa ya Profesa. Pazia halizuii sauti.

"Tumbo linaniuma, daktari," alisema Maame Korkor.

"Nakushukuru kwa kuliwasilisha suala hilo," alisema Profesa. "Limeanza katika kipindi kipi?"

"Jana. Hapa, kulia. Nishike uone."

"Tusikimbilie hatua hiyo. Je, upande wa kushoto umeshirikishwa?"

"Upande wa kushoto hauna neno."

"Hilo ndilo tatizo letu, kutoshirikishana. Nitaunda kamati ndogo ya tumbo."

Kengele ikalia. Profesa aliufunga mkutano rasmi, akatoka na tabasamu la ushindi.

Dzifa aliingia. Alisalimia, akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto, akasema, "Mama, nioneshe kwa kidole kimoja." Kisha akaweka mkono, polepole, akimtazama usoni na si tumboni. Alishangaa namna vidole vyake vilivyokuwa vinajua njia.

"Afadhali," Maame Korkor alishusha pumzi. "Kidogo niumwe kweli."

Matokeo yalisomwa na Katibu kwa sauti iliyokuwa ikipungua kadiri alivyokaribia majina ya waliofeli. Dzifa amefaulu. Seidu amefaulu. Profesa hakufaulu, na kwa kanuni aliyoitangaza kwa kinywa chake, alikiacha kiti siku hiyohiyo. Katibu akawa kaimu mwenyekiti. Yeye mikono yake ilikuwa na kutu ya miaka ishirini, hivyo aliona ni busara kuzifungua nafasi zote za ubingwa wiki ileile, kabla mtu hajasimama kumuuliza swali. Dzifa alipata wodi ya watoto. Shangazi Mawusi aligawa waakye bure, halafu akajuta, halafu akagawa tena.

Jumamosi moja Dzifa alikuwa kibandani, amevaa koti jeupe kwa sababu shangazi yake alikataa alivue mbele ya wateja. Mtu mmoja akafika kwa miguu, amevaa shati la kawaida. Alikuwa Profesa. Alisimama kando mpaka foleni ikaisha.

"Nasikia hapa mnasoma," alisema chinichini.

Seidu alikwisha kujilaza kwenye benchi, amefunua shati, anafurahia dunia. Dzifa alimpisha Profesa nafasi.

"Karibu, Profesa. Tuanze taratibu. Tafuta ini."

Profesa alikunja mikono ya shati, akavuta pumzi, akaweka kiganja upande wa kushoto wa Seidu na kubonyeza kwa heshima kubwa.

"Profesa," alisema Dzifa, "ini liko kulia."

Profesa aliganda, mkono ungali tumboni.

"Tangu lini?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua nani aliidhinisha uhamisho huo.