Daktari wa Begonia

Mtaani walimwita Sabuni. Si kwa usafi, maana kola ya shati lake ilikuwa na rangi mbili. Ni kwa sababu kila aliyemshika alibaki na mkono mtupu.

Jumatatu moja aliingia katika ofisi asiyoijua kujificha mvua, na pia kumkwepa mteja wake. Wiki iliyopita alikuwa amemuuzia mtu huyo unga wa ngano kama sumu ya panya. Panya waliila sumu hiyo, wakashiba, wakaita na jamaa zao.

Akakaa kwenye benchi la wageni, kando ya chungu cha begonia. Mara mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Mkurugenzi, mtu wa tumbo na suti, akainama mbele ya lile ua kama anayemsalimu mzee, akahesabu majani.

"Kumi na tisa," akamwambia mama wa usafi aliyekuwa akipiga deki. "Mama Usafi, ua hili ni zawadi kutoka kwa mama mkwe, na Ijumaa anakuja kuliangalia. Wakaguzi wakija nitawajibu. Mama mkwe sina la kumjibu."

"Lipo salama, bosi."

Sabuni alisikia moyo wake ukipiga makofi. Wanaume wenye pesa wapo wengi, lakini mwenye pesa na hofu ya mama mkwe humpati kila siku. Mama Usafi alipokwenda kumwaga maji machafu, Sabuni akatoa kipakiti chake cha unga, akapuliza kidogo juu ya majani, akatoka na mvua ile ile.

Kesho yake alirudi na kioo cha kukuzia, amevaa koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama na kuligeuza ndani nje, kwa sababu za kiafya.

"Nilikuwa napita tu," alisema mbele ya begonia, akavua kofia. "Poleni sana."

"Pole ya nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Ubwiri unga, mkuu. Ni ukungu. Leo uko kwenye jani, kesho kwenye shina, keshokutwa..." Akatazama kabati la mafaili, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mafaili nayo yanaambukizwa?"

"Mkuu, karatasi inatokana na nini? Na mti. Hao ni ndugu wa damu."

Mkurugenzi akalegeza tai.

"Nani hulimwagilia?" daktari akaendelea.

Macho yote yakamgeukia Mama Usafi.

"Unamwaga maji juu ya majani, si ndiyo, mama?"

"Nalisafisha vumbi."

"Basi mkuu, muuaji tumempata."

Mkurugenzi hakutaka kusikia zaidi. Ua likifa, alisema, Mama Usafi atafute ofisi nyingine ya kudeki. Kazi yenyewe alikuwa nayo mwaka wa kumi na nne, na watoto watatu wa marehemu dada yake walikuwa wanakula na kusoma kwa ndoo ile ile.

Sabuni akaandika masharti, aliyoyakariri kwenye kijikaratasi cha duka la mbegu. Maji yaende kwenye udongo tu, asubuhi, tena udongo wa juu ukishakauka. Majani yasilowe, unyevu usizidi. Chungu kisibanwe ukutani, dirisha liwe wazi, hewa ipite. Jani bovu likatwe kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, likatupwe mbali. La kusikitisha ni kwamba yote yalikuwa kweli. Uongo mtupu ni wa matapeli wanafunzi; fundi huchanganya. Bahasha ya malipo daktari angeipata mgonjwa akishapona.

Walipoingia ndani kunywa chai, Mama Usafi alipitisha kidole juu ya jani, akakilamba. Mwanamke aliyekanda unga tangu ana miaka saba hahitaji kioo cha kukuzia. Lakini nani angeamini ndoo mbele ya koti jeupe? Akaendelea kudeki.

Jumatano daktari alifuta majani kwa kitambaa chenye maji na maneno asiyoyaelewa hata yeye. Begonia ikang'aa. Mkurugenzi akaingiza mkono ndani ya koti, kisha akautoa mtupu.

"Kesho asubuhi, daktari. Tuhakikishe kwanza ukungu haurudi."

Alhamisi asubuhi ulikuwa umerudi. Majani meupe, shina jeupe, hata benchi lilikuwa na dalili.

Sabuni akagusa jani, akajifanya anakohoa, akalamba kidole. Unga. Tena wa daraja la kwanza, uliochekechwa. Akamtazama Mama Usafi, naye alikuwa akikamua tambara taratibu.

"Umerudi, daktari," akasema mama kwa huzuni. "Au siyo ukungu?"

"Ni... ni ukungu."

"Mimi nikadhani kuna mtu kaweka kitu."

"Nani afanye ukatili huo, mama?"

"Ndiyo hata mimi nashangaa, mwanangu."

Mkurugenzi akaagiza masharti yafuatwe herufi kwa herufi, na daktari mwenyewe asitoke mpaka ua lipone. Mama Usafi akakaa kwenye benchi la wageni, akavua viatu, akaishika ile karatasi.

"Umeandika dirisha liwe wazi. Hilo limekwama miaka sita."

Sabuni akaazima nyundo na patasi.

"Umeandika hewa ipite. Kabati limeziba njia."

Akalisukuma kabati.

"Umeandika unyevu hapana. Sakafu hii unaionaje?"

Akadeki. Kufika mchana alikuwa na malengelenge manne na begonia safi. Akaenda kunawa mikono, akarudi. Nyeupe pe.

"Mama," akanong'ona, "unataka nini?"

"Kazi yangu. Useme mbele ya watu nani kaliponya."

"Na bahasha?"

"Mimi sikuitaja. Lakini kwa kuwa umeitaja wewe."

Ijumaa mama mkwe akafika, mwembamba, mkoba mkubwa, macho ya kukagua mizigo. Begonia ilikuwa inawaka kwa afya. Sabuni akatangaza kwamba mganga hasa ni Mama Usafi, yeye alishika kitambaa tu. Bahasha ni ya mama, na atakayemwondoa kazini atakuwa amemnyang'anya mgonjwa dawa. Mkurugenzi akamkabidhi mama bahasha kwa mikono miwili. Sabuni alikuwa ameshafika mlangoni.

"Wewe kijana, simama," akasema mama mkwe. "Tangu nizaliwe sijaona daktari akimpa mwenzake sifa. Nyumbani nina vyungu vya maua thelathini na nane, na vyote vimekuwa vyeupe tangu mvua zianze."

Vyeupe kwa ukungu wa kweli. Sabuni akavua kofia.

"Mama, mimi si daktari. Mimi ni tapeli."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na unyenyekevu juu. Mkwe wangu, huyu namchukua."

"Mchukue, mama," akasema Mkurugenzi upesi, maana Jumapili zote alikuwa anavipalilia yeye.

"Ni tapeli kweli," Sabuni akalia. "Muulizeni huyu mama."

Mama Usafi akaisukumiza bahasha kifuani mwake, akafikiri kidogo, kwa haki.

"Ni daktari mzuri sana," akasema. "Ila mvivu. Asiposimamiwa hafanyi."

Gari lilipoondoka, Sabuni alikuwa kiti cha nyuma, begonia mapajani kwa mapumziko ya kupata nafuu, na mama mkwe akimuuliza kama anakoroma, kwa sababu chumba cha daktari kinapakana na chake.